Kupima maji ya kisima cha mtaa: mwongozo kamili, kuanzia mdomo wa kisima hadi daftari

Kisima kinapimwa Februari, ardhi imekauka, cheti kinarudi kikisema maji ni salama, kinabandikwa ukutani. Masika yanaingia, watoto wanaharisha, na kila mtu anaapa kwamba si kisima, kwani cheti si kile pale? Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni sampuli iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya dukani ikashinda juani kwenye bodaboda. La tatu ni kutia dawa kisima jana ili kipimo kipite leo.

Yote matatu yanatokana na kudhani kwamba kupima maji ni kazi ya siku moja. Cheti kinaeleza maji yaliyokuwa ndani ya chupa ile, saa ile, basi. Anayetaka kukijua kisima hukikagua kwa macho, hukipima kwa utaratibu uleule katika misimu tofauti, na huandika.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia kisima kifupi kinachotumiwa na watu wengi: cha mtaa, cha msikiti au kanisa, cha shule, au cha mwenye nyumba anayeuzia majirani maji kwa madumu. Nimeufuata mwambao wetu, kuanzia Mbagala na Vingunguti za Dar es Salaam hadi Ng'ambo ya Unguja na Kisauni ya Mombasa, ambako visima na vyoo vya shimo vimebanana kwenye viwanja vidogo.

## Vifaa: vikusanye vyote kabla ya kuanza

- Chupa za sampuli za bakteria kutoka maabara, zilizouliwa vijidudu na kufungwa. Chukua moja kwa kila sehemu utakayopima, na moja ya ziada.
- Chupa safi ya plastiki ya lita moja, kwa vipimo vya chumvi na kemikali.
- Sanduku la kutunza ubaridi na barafu iliyofungwa kwenye mifuko isiyovuja.
- Kamba mpya, ndefu kuliko kina cha kisima, na jiwe dogo lililooshwa na kuchemshwa.
- Spiriti, pamba, kiberiti cha gesi, sabuni na glovu.
- Kipima chumvi cha mkononi, kile kinachosoma upitishaji wa umeme kwenye maji.
- Vidonge vya kupimia klorini, vile vinavyogeuza maji kuwa ya pinki. Wanaotunza mabwawa ya kuogelea huvitumia, waulize wanakovinunua.
- Futi kamba ndefu, tochi au kioo cha kujitazamia, na kalamu ya wino usiofutika.
- Daftari la jalada gumu. Karatasi za kupachika hupotea.

Kama maabara iko mbali, ongeza chupa ndogo za kipimo cha weusi. Nitazieleza kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Kagua kisima kabla ya kugusa chupa

Maabara hukwambia kama uchafu umo. Haikwambii unapitia wapi. Ukaguzi ndio unaojibu hilo, na hauna gharama, lakini ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Anza na umbali. Vuta futi kamba na uandike kila kitu kilicho ndani ya mita 30 kutoka kisimani: choo, karo, jalala, banda la ng'ombe au kuku, mfereji wa maji machafu. Chora ramani ndogo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na uonyeshe ardhi inateremkia wapi. Choo kilicho upande wa juu wa mteremko kina uzito kuliko kilicho upande wa chini, hata kama umbali ni mmoja.

Mita 30 ni kipimo kinachotumika sana, lakini pwani usikitegemee peke yake. Mchanga laini huchuja maji yanapopita taratibu. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango, na maji yanaweza kutembea ndani yake mbali sana bila kuchujwa. Kwa hiyo mita 30 za mchanga na mita 30 za matumbawe si umbali mmoja. Muulize fundi aliyechimba kisima alikutana na nini chini, na uandike.

Kisha uliza vyoo vina kina gani. Sakafu ya shimo la choo inatakiwa ibaki angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, tena kwa kiwango cha masika, si cha kiangazi. Hapa wengi hukwama, maana hakuna anayependa kuulizwa habari za choo chake. Piga hodi, amkia, keti kidogo, eleza kwamba unaandika habari za kisima cha wote. Swali la kama wanatapisha choo mvua zinaponyesha, yaani kukifungua kinyesi kiondoke na maji ya mvua, halitajibiwa na mtu. Nenda kwa fundi anayechimba vyoo mtaani. Huyo anajua kila shimo lina futi ngapi na lilijaa lini.

Sasa kigeukie kisima chenyewe. Jibu maswali haya kumi kwa ndiyo au hapana:

1. Kuna choo au karo ndani ya mita 30?
2. Kuna choo upande wa juu wa mteremko?
3. Kuna uchafu mwingine karibu: mifugo, jalala, maji ya kufulia?
4. Maji yanayomwagika yanatuama karibu na mdomo wa kisima?
5. Mfereji wa kutolea maji haupo, umevunjika au umeziba?
6. Sakafu ya zege kuzunguka kisima ina nyufa, au upana wake haufiki mita 1?
7. Ukuta wa mdomo ni mfupi au umepasuka kiasi cha maji ya juu kuingia?
8. Kuta za ndani hazijazibwa vizuri katika mita 3 za juu?
9. Ndoo na kamba huwekwa chini, au kila mtu huja na ndoo yake?
10. Kisima hakina kifuniko, au wanyama wanakifikia?

Kila ndiyo ni pointi moja. Kwa mizani inayotumika kwenye fomu za Shirika la Afya Duniani, 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 5 ya kati, 6 hadi 8 kubwa, na 9 hadi 10 kubwa mno.

Swali la 8 lina ujanja wake. Kaa saa za adhuhuri, elekeza mwanga wa jua ndani kwa kioo na uangalie maungio ya pete za zege. Michirizi ya kahawia au unyevunyevu unaoshuka kwenye maungio ya juu, hasa siku moja baada ya mvua, ni maji ya juu yanayoingia bila kuchujwa.

Onyo: usishuke kisimani. Chini ya kisima hewa inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha bila dalili yoyote, na pampu ya petroli ikiteremshwa ndani hutoa moshi unaoua kwa dakika chache. Anayemfuata mwenzake kumwokoa naye hubaki hukohuko. Kazi ya kushuka ni ya mafundi wenye vifaa na kamba ya kujifunga.

Hatua imekamilika ukiwa na ramani, alama kati ya 10, na angalau dhana moja iliyoandikwa: kama kuna uchafu, unapitia hapa.

## Hatua ya 2: Amua unapima nini

Orodha ya maabara ni ndefu na kila kipimo kina bei yake. Kwa kisima kifupi cha mjini, fuata mpangilio huu.

E. coli kwanza, daima. Bakteria hawa wanaishi kwenye utumbo wa watu na wanyama, hivyo wakionekana majini ujue kinyesi kimefika, na palipofika kinyesi kipindupindu na homa ya matumbo vina njia. Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja tu, chagua hiki. Angalia fomu isiandike tu "jumla ya kolifomu": baadhi ya kolifomu huishi kwenye udongo na majani, hivyo namba yao peke yake haithibitishi kinyesi.

Naitreti. Hutokana na vyoo, samadi na mbolea. Ni muhimu sana kama kuna watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, kwa sababu naitreti nyingi huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, inakolea.

Chumvi, yaani upitishaji wa umeme. Hiki unakipima mwenyewe kila mwezi. Pwani, namba inayopanda mwezi hadi mwezi ni dalili ya bahari kusogea kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi. Ikipanda ghafla baada ya mvua, fikiria karo, kwani mkojo nao una chumvi.

Floraidi si tatizo la kawaida la visima vifupi vya mwambao. Ni la bara, kwenye ardhi ya volkano na Bonde la Ufa: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na baadhi ya maeneo ya Kenya kama Nakuru. Ukiwa huko, ipime angalau mara moja kwa kila kisima. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na hii nayo haiondoki kwa kuchemsha.

## Hatua ya 3: Ongea na maabara kabla ya kuchota

Tanzania Bara, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Vijijini anza na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Zanzibar uliza ZAWA, mamlaka ya maji. Kenya, afisa wa afya ya umma wa kaunti atakuelekeza.

Uliza mambo manne: siku na saa wanazopokea sampuli za bakteria, chupa zao zinachukuliwa lini, bei, na majibu yatatoka kwa vipimo gani. Sampuli ya Ijumaa alasiri ni ya kuhangaisha, maana kipimo cha bakteria husomwa baada ya saa 24 hivi na kesho yake huenda ofisi imefungwa. Jumatatu hadi Jumatano asubuhi ni salama zaidi.

Kama kisima kimewahi kutiwa dawa hivi karibuni, sema. Watakupa chupa yenye thiosalfeti, chembechembe nyeupe zinazozima klorini. Bila hiyo, klorini itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njiani, na majibu yatakuwa mazuri kuliko maji yenyewe. Usisuuze chupa hiyo. Ukiisuuza umemwaga dawa iliyowekwa makusudi.

## Hatua ya 4: Chukua sampuli

Hapa ndipo kazi nzima inapoharibika. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu, na andika lebo kwenye chupa kabla ya kuchota, kwa sababu lebo haishiki kwenye chupa yenye maji: jina la kisima, sehemu, tarehe, saa, jina lako.

### Kisima cha wazi

Funga jiwe lililochemshwa kwenye chupa kwa kamba mpya. Fungua kifuniko mwishoni kabisa, kishike kikiangalia chini, usikiweke popote, usiguse ndani. Teremsha chupa taratibu katikati ya kisima bila kugusa kuta. Izamishe ipite uso wa maji, ambako huelea vumbi na majani, lakini isifike chini ikatibua tope. Ivute, mwaga kidogo ili ibaki nafasi ya hewa ya vidole viwili, funga.

Kama chupa ni ya thiosalfeti, usiizamishe, maana dawa itatoka. Teremsha chupa nyingine iliyouliwa vijidudu, kisha umiminie humo.

Usichote kwa ndoo ya kisima halafu ukamimina chupani. Utakuwa umepima ndoo.

### Kisima chenye pampu au bomba

Ondoa mpira au kitambaa chochote kilichofungwa mdomoni. Sugua mdomo wa bomba kwa pamba yenye spiriti. Ukiwa wa chuma, weka chupa ya spiriti mbali, acha ile iliyobaki bombani ikauke, kisha uchome kwa kiberiti cha gesi hadi uwe wa moto. Plastiki usiichome. Pampu au acha maji yatoke dakika 5, ili yale yaliyolala kwenye bomba yaishe. Kinga chupa bila kugusa mdomo wa bomba.

Kama pampu inapandisha tangini kwanza, chota kabla ya tangi na baada ya tangi. Matangi ya juu yasiyofunikwa hunajisi maji yaliyotoka kisimani yakiwa safi, na kisima ndicho hubeba lawama.

### Ndoo ya nyumbani

Chukua pia sampuli kwenye nyumba moja au mbili, kama wenyewe wanavyochota: kwa kata yao, kutoka mtungi au ndoo yao. Omba ruhusa, na usioshe chochote. Sampuli hii hujibu swali tofauti, yaani watu wanakunywa nini hasa. Kisima kikiwa safi na ndoo chafu, pesa za kukarabati kisima hazitazuia kuhara. Kata yenye mpini mrefu na ndoo yenye mfuniko zitasaidia zaidi.

Ukimaliza sampuli za bakteria, jaza chupa ya lita moja kwa kemikali, kisha pima chumvi papo hapo na uandike namba.

Sampuli nzuri ina lebo inayosomeka, haina tope wala majani, kifuniko hakijagusa ardhi, na saa imeandikwa.

## Hatua ya 5: Safirisha

Bakteria kwenye chupa yenye joto huongezeka au hufa. Namna zote mbili, namba inakuwa ya uongo. Weka chupa wima kati ya mifuko ya barafu, funika, epusha jua. Kusudia ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Zisigande.

Fikisha ndani ya saa 6 ukiweza. Saa 24 ni kikomo. Zikipita, mwaga uanze upya, usione haya kurudia. Chupa zisizame kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, kwani huweza kupenya kwenye kifuniko.

Maabara ikipokea, hakikisha wameandika saa ya kuchota na saa ya kupokea. Nakili zote kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Kama maabara iko mbali, tumia chupa ya weusi

Kuna chupa ndogo zenye karatasi au unga uliotiwa dawa. Unatia maji hadi mstari, unafunga, unaacha gizani kwa saa 24 hadi 48. Bakteria wengi wanaotoka utumboni huzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hugeuza dawa kuwa nyeusi. Kipimo hiki hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 35, na joto la ndani la nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa liko humo karibu mwaka mzima.

Tengeneza daima chupa mbili: moja ya kisima, moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa. Ya pili ikiwa nyeusi, mikono yako au chupa zako zina kasoro, na majibu yote hayafai.

Kisima ambacho maji yake kwa asili yananuka kama yai viza kina gesi hiyo tayari, na chupa itageuka nyeusi mapema hata bila kinyesi. Kwa kisima hicho nenda maabara tu. Na chupa isiyogeuka si cheti cha usalama. Ni ya kukusaidia kufuatilia mwezi kwa mwezi kati ya safari za maabara.

Ukimaliza, mimina jiki ndani ya chupa nyeusi, acha nusu saa, kisha tupa chooni. Humo mmekuzwa vijidudu kwa siku mbili.

## Hatua ya 7: Soma majibu pamoja na ukaguzi

E. coli huandikwa kwa mililita 100. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakina mjadala: wasionekane kabisa. Lakini kwa kuamua haraka ya kuchukua hatua, gawa hivi: 0 ni sawa; 1 hadi 10, hatari ndogo; 11 hadi 100, ya kati; zaidi ya 100, kubwa. Ukiona TNTC kwenye fomu, maana yake walikuwa wengi hawahesabiki.

Kwenye naitreti kuna mtego uliowapotosha wengi. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita ikiwa fomu imeandika NO3, lakini ni 11 ikiwa imeandika NO3-N, inayohesabu naitrojeni peke yake. Fomu yenye 20 inaweza kuwa salama au hatari kulingana na herufi hiyo moja. Ukitaka kugeuza, zidisha NO3-N kwa 4.43.

Sasa linganisha na alama za hatua ya 1:

- Ukaguzi mbaya, majibu mabaya. Hakuna fumbo. Tengeneza ulichokiona.
- Ukaguzi mbaya, majibu mazuri. Usibandike cheti. Huenda umepima kiangazi, au kuna klorini. Pima tena mvua ikinyesha.
- Ukaguzi mzuri, majibu mabaya. Rudia sampuli kwanza, kwa uangalifu. Yakirudi vilevile, uchafu unapita chini ya ardhi usipopaona: choo cha zamani kilichofukiwa, ufa wa mwamba. Naitreti ikiwa juu pia, dhana ya choo inapata nguvu.
- Vyote vizuri. Endelea na ratiba.

## Hatua ya 8: Maji yakiwa machafu

Siku hiyohiyo, waambie watumiaji. Usisubiri kikao. Mjumbe, imamu, mchungaji, mwalimu mkuu, wauza maji wa mikokoteni: wote wajue kabla ya jioni. Sema kwa maneno yasiyotisha wala kuficha: maji ya kisima hiki yana vijidudu vya kinyesi, ya kunywa na ya kuoshea matunda yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe kidonge cha WaterGuard kwa ndoo ya lita 20 na kusubiri nusu saa. Kufulia na kudekia si tatizo. Kama tatizo ni naitreti, ujumbe ni mwingine: maji haya yasikorogewe mtoto mchanga kabisa, hata yakichemshwa.

Ziba njia ya uchafu. Ziba nyufa, inua ukuta wa mdomo, panua sakafu ya zege, chimba mfereji, weka kifuniko, na ndoo moja yenye kamba inayotundikwa. Kutia dawa bila kuziba njia kunanunua siku chache tu.

Ndipo utie klorini. Maji yakiwa na tope, yavute kwanza mpaka yatakate, kwani tope hula klorini.

Pima kipenyo cha kisima na kina cha maji (si kina cha kisima). Mfano: kipenyo mita 1.2, maji mita 3. Nusu ya kipenyo ni 0.6. Hesabu 3.14 × 0.6 × 0.6 × 3, unapata mita za ujazo 3.4, yaani lita 3,400. Tunataka miligramu 50 za klorini kwa kila lita: 3,400 × 50 ni miligramu 170,000, sawa na gramu 170. Unga wa HTH (dawa ya klorini ya unga) wenye nguvu ya asilimia 65 si klorini tupu, kwa hiyo gawa 170 kwa 0.65. Unahitaji gramu 260 hivi.

Ukitumia jiki ya asilimia 3.5, ni karibu lita 5. Chagua isiyo na manukato, na iwe mpya. Iliyokaa juani dukani imepoteza nguvu.

Jaza ndoo ya plastiki maji, kisha tia unga kidogokidogo. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Maji yasimiminwe juu ya unga. Vaa glovu, funika macho, simama upande upepo unakotokea, usichanganye na dawa ya choo, siki wala mafuta ya aina yoyote. Acha chokaa itulie, mimina maji ya juu kisimani ukizungusha kwenye kuta zote. Chota na kurudisha ndoo kadhaa ili ichanganyike. Kama kuna pampu, pampu mpaka usikie harufu ya klorini bombani.

Funika, funga kabisa, weka mtu wa kulinda hadi asubuhi, kwa sababu kuna atakayewahi na dumu kabla ya adhana ya alfajiri. Acha usiku kucha, yaani kwa muda wa saa 12 hadi 24.

Kisha vuta maji na uyamwage mahali pasipo mimea, bwawa la samaki wala karo. Endelea mpaka kidonge cha pinki kionyeshe klorini imeshuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Hapo watu wanaweza kuchota, lakini waendelee kuchemsha hadi kipimo kipya kirudi.

Usipime bakteria siku hiyo wala kesho yake. Subiri angalau wiki moja, hakikisha klorini ni sifuri, ndipo uchukue sampuli. Ukipima mapema umeipima klorini.

## Hatua ya 9: Ratiba na daftari

Kwa mwambao wenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, peleka maabara mara tatu kwa mwaka: Februari, maji yakiwa chini; wiki mbili hivi baada ya mvua kubwa za kwanza za masika; na katikati ya vuli. Ukimudu mara moja tu, chagua masika. Mvua za kwanza ndizo zinazosukuma uchafu wa juu ya ardhi na wa vyoo vilivyojaa.

Kila mwezi, fanya kipimo cha weusi, soma chumvi, na upitie maswali kumi ya ukaguzi. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja.

Nje ya ratiba, pima mara moja kukitokea mafuriko, pampu ikifunguliwa, choo kipya kikichimbwa karibu, maji yakibadilika rangi au harufu, au wakisikika wagonjwa wa kuhara nyumba kadhaa kwa pamoja. Katika hali hiyo ya mwisho usisubiri majibu: mpigie afisa afya wa kata, simamisha matumizi ya kunywa, ndipo uchukue sampuli.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, msimu, aliyechota, sehemu, alama ya ukaguzi, chumvi, klorini, E. coli, na kilichofanyika baadaye. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, atakayekabidhiwa kisima baada yako ataona E. coli 80 za Aprili na 0 za Juni bila kujua kama mlijenga ukuta au kiangazi kilikuja tu.

Weka daftari mahali ambapo mtumiaji yeyote anaweza kulifungua. Kama unauza maji, hilo litakusumbua mwanzoni, lakini lifanye.

Baada ya masika mawili ya kumbukumbu, angalia. Kama njia zote zimezibwa, kisima kimetiwa klorini sawasawa, na E. coli bado wanarudi kwa mamia kila mvua ikinyesha huku naitreti ikiwa juu ya 50, kisima hicho kinakunywa kutoka vyooni na hakuna zege la mdomoni litakalokizuia. Kipake rangi nyekundu mdomoni, kiandikwe "cha kufulia tu", na upeleke nakala za daftari kwa mamlaka ya maji pamoja na barua ya kuomba kioski cha bomba. Barua yenye kurasa za namba za miaka miwili hujibiwa tofauti na barua ya malalamiko.